Udongo Tifutifu

Mtu aliyesoma shule ya msingi Tanzania, hata ukimwamsha usiku wa manane, atakutajia aina tatu za udongo: kichanga, mfinyanzi na tifutifu. Ataendelea bila kuulizwa: kichanga hupitisha maji upesi, mfinyanzi hutuamisha maji, tifutifu unafaa kwa kilimo. Wengi tulilifanya hata jaribio lake, kwa chupa za plastiki zilizokatwa, pamba, maji ya kisima na saa ya mwalimu. Maji yalidondoka, tukahesabu dakika, tukaandika jibu ambalo tayari lilikuwa ubaoni.

Jibu lile ni zuri, linakupa alama. Lakini ukiyaweka maneno yale matatu kwenye mstari mmoja na kuyatazama kama maneno, moja halikai sawa na wenzake. Kichanga kimetokana na mchanga, kitu unachoweza kukishika. Mfinyanzi umetokana na kazi ya kufinyanga, maana ndio udongo wa vyungu. Tifutifu haukutokana na kitu wala na mtu. Umetokana na tendo.

Tifu ni vumbi laini la udongo, lile linaloinuka nyuma ya gari kwenye barabara ya kijijini wakati wa kiangazi. Kutifua ni kuvuruga ardhi iliyoshikamana mpaka ilegee, iwe kwa jembe, kwa plau au kwa kwato za ng'ombe. Kutifuka ni ardhi yenyewe kukubali kulegea. Kiswahili kina tabia ya kulirudia neno ili kupunguza ukali wake. Majimaji si maji, ni kitu chenye hali ya maji. Muhogo wenye ungaunga haujawa unga. Mchele wa chengachenga bado ni mchele, ila umevunjikavunjika. Ndivyo na tifutifu: si vumbi, bali udongo ulio tayari kutifuka, unaoachana mkononi bila kukugandia vidoleni na bila kupeperuka. Kati ya bonge na vumbi kuna hali fulani ya katikati, na neno hili linasimama hapo hapo.

Magazeti yetu nayo yalilichukua tendo hili na kulipeleka uwanjani. Timu mbili zikikutana tunaambiwa zitatifuana, na bunge likichemka kuna mtifuano mkali. Mwandishi wa michezo amebaki na vumbi tu, jembe amelisahau. Simlaumu, mechi za watani wa jadi hazina ulaini wowote.

Sasa sikiliza jinsi neno linavyosemwa darasani. Mkulima husema udongo huu ni tifutifu, au leo shamba limekuwa tifutifu. Mwanafunzi husema udongo wa tifutifu. Ile "wa" moja imefanya kazi kubwa. Imeichukua hali, ambayo huja na kuondoka, ikaigeuza kuwa kabila la udongo, kama vile kuna udongo uliozaliwa tifutifu na utakaokufa tifutifu. Nadhani kosa hilo dogo la sarufi limebeba kosa kubwa zaidi, ambalo nchi hii iliwahi kulilipia.

Sayansi ya udongo yenyewe hutenganisha mambo mawili ambayo kitabu cha shule huyachanganya. La kwanza ni ukubwa wa chembe: mchanga ni chembe kubwa, mfinyanzi ni chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, na kati yake kuna chembe za kadiri. Uwiano wa chembe hizo haubadiliki katika umri wa mkulima. Ukirithi shamba la mfinyanzi, utawarithisha wanao mfinyanzi. La pili ni namna chembe hizo zinavyoshikana. Mizizi iliyooza, nyuzi za kuvu, ute wa minyoo na samadi huzifunga chembe kuwa punje ndogo zenye matundu ya kupitisha hewa na maji. Hilo hubadilika. Hujengwa kwa miaka na huweza kubomolewa kwa msimu mmoja, kwa trekta zito lililoingia shambani siku ya tope. Shule huliita tifutifu la kwanza, yaani mchanganyiko wa chembe. Neno lenyewe, ukilifuata mpaka kwenye kutifua, linazungumzia la pili.

Tena kuna maji. Mwaka 1911 mwanasayansi wa Sweden, Albert Atterberg, alionyesha kuwa udongo wa mfinyanzi ule ule hupita katika hali kadhaa kadiri maji yanavyoongezeka au kupungua: ukiwa mkavu kabisa ni mgumu, ukipata unyevu kidogo unavunjika vizuri, ukizidi unafinyangika, na mwisho unatiririka kama uji. Akapima ni kwa kiasi gani cha maji udongo unavuka kutoka hali moja kwenda nyingine. Mkulima wa jembe la mkono anaujua mpaka huo bila mizani. Anachota udongo, anaufumba kiganjani, anaufumbua, anaugusa kwa kidole gumba. Ukisambaa punjepunje, ni siku ya kulima. Ukibaki na alama za vidole, arudi nyumbani. Siku hizo za katikati huwa chache, na katika nchi kavu huhesabika.

Miaka ya 1930 kulikuwa na mtu katika Tanganyika aliyeelewa kwamba udongo hauelezeki kwa majina matatu. Geoffrey Milne alikuwa mtaalamu wa udongo katika kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara, kituo kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Akizunguka nchi aliona kuwa udongo wa juu ya kilima, wa ubavuni na wa bondeni hutofautiana kwa mpango unaojirudia kilima baada ya kilima, kwa sababu maji huteremka na kubeba. Mpangilio huo akauita kwa neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo, katena, na mpaka leo wanafunzi wa vyuo vikuu duniani husoma katena bila kujua kwamba wazo hilo lilizaliwa kwenye vilima vya Afrika Mashariki.

Wasukuma walikuwa na mnyororo wao kabla yake. Luseni, udongo wa kichanga wa juu, kwa muhogo na karanga. Itogolo, chini zaidi, unaoshika maji, kwa majaruba ya mpunga. Ibambasi, wenye tabaka gumu. Mbuga, mweusi, unaopasuka nyufa wakati wa jua na kunata kama gundi wakati wa mvua. Ukiyatazama majina haya utaona yanakueleza zaidi ya udongo ulivyo: yanakueleza ulipo na utakavyofanya msimu ukibadilika. Milne alisafiri sehemu nyingi za Tanganyika mwaka 1935 na 1936. Taarifa ya safari hiyo ilichapishwa 1947, yeye akiwa amekwisha kufa tangu 1942. Na 1947 ndio mwaka matingatinga yalipoanza kung'oa vichaka Kongwa.

Habari ya karanga za Kongwa husimuliwa kama kichekesho cha Waingereza, na kweli ina vichekesho. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula. Majarini ilikuwa kwa mgawo. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkuu wa kampuni ya United Africa iliyokuwa chini ya Unilever, alipendekeza karanga zilimwe Afrika Mashariki kwa mashine na kwa ukubwa usiowahi kuonekana. Serikali ikatuma ujumbe wa watu watatu ukiongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika. Walizunguka kwa muda wa wiki chache, sehemu kubwa kwa ndege, kisha wakaandika: ekari 3,210,000, nyingi zikiwa Tanganyika, zigawanywe katika mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja. Karanga tani 600,000 kwa mwaka zikitarajiwa kuanzia 1950 na 1951. Gharama, pauni milioni 24.

Mashine zilikuwa chakavu, nyingi zikiwa masalio ya jeshi la Marekani kutoka Ufilipino. Vifaru vya vita viligeuzwa matrekta. Minyororo ya nanga za meli ilifungwa kati ya matingatinga mawili ili kukokota vichaka. Mizizi ya miti ile ya nchi kavu ilipinda chuma. Lengo la mwaka 1947 lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa ni takriban 7,500. Haya yote yameandikwa mara nyingi, kuanzia Alan Wood, aliyekuwa mkuu wa idara ya habari ya mradi wenyewe, ambaye kitabu chake kilitoka 1950 mradi ukiwa bado unakata roho.

Kinachonishika mimi ni udongo. Karanga ni zao la ajabu kidogo: linachanua juu na kuzaa chini. Ua likishachavushwa, kijiti laini huota kutoka pale lilipokuwa, hujipinda kuelekea chini na kujichoma ardhini, na ganda hukua humo humo gizani. Kwa hiyo karanga huihitaji ardhi tifutifu mara mbili. Mara ya kwanza ili kijiti kipenye, na mara ya pili ili ukishika shina na kuvuta, maganda yatoke nalo. Ardhi ikiwa imekaza wakati wa kuvuna, unatoka na majani mkononi na chakula kinabaki chini.

Udongo mwekundu wa Kongwa ulikuwa na mfinyanzi, na ndani yake chembe kali za kwatzi. Chembe hizo zilizisaga sahani za plau kama msasa. Msimu ukiwa na unyevu, ardhi ile hulegea, hupendeza, huvunjika mkononi. Mvua ikikatika na jua likiwaka, inaganda. Mvua za Ugogo ni za msimu mmoja tu, na hata humo hazina uaminifu. Katika msimu wa 1948 na 1949 mvua zikawa haba, ardhi ikakauka na kukakamaa kama tofali, na karanga zilizoota zikabaki zimefungwa ndani yake. Wakajaribu alizeti, nazo zikapigwa na ukame. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango huo, na hasara iliyofutwa vitabuni ilikuwa zaidi ya pauni milioni 36.

Je, wenyeji walijua? Swali hili hujibiwa kwa maelezo marefu kuhusu ujuzi wa asili, lakini jibu lilikuwa limesimama mbele ya kila mgeni aliyefika Kongwa. Nyumba ya jadi ya Mgogo ni tembe: fupi, ya pembe nne, kuta za miti na udongo, na paa bapa la udongo juu ya boriti. Watu waliolala chini ya paa la udongo walijua kwamba ardhi ile, ikilowa na kukauka, hugeuka dari. Wao wenyewe walilima uwele na mtama, vyakula ambavyo huvuna kichwani mwa bua bila kuiomba ardhi ikuachie kitu. Walitegemea ng'ombe, na walitawanya mashamba ili mvua ikikosa hapa ipate pale. Ujumbe wa Wakefield haukukosa akili. Ulikosa miezi. Uliuona udongo katika hali moja ukaiandika kama aina, na aina ikaandikiwa bajeti.

(Kongwa yenyewe haikufa. Miaka ya 1960 wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, wa FRELIMO, ANC na SWAPO wakiwamo, walipewa kambi hapo. Hiyo ni habari nyingine, na ni nzuri kuliko hii.)

Kuna kosa la upande wa pili pia, la kuuogopa mno udongo unaotifuka. Chanzo chake kiko mbali. Miaka ya 1930, katika nyanda za kati za Marekani, wakulima walikuwa wamezilima kwa matrekta mbuga za majani ambazo hazijawahi kuguswa na plau. Ukame ulipoingia, udongo ule uliolegezwa ukawa vumbi tupu, ukapaa angani na kulifunika jua mchana. Tifutifu ilirudi kuwa tifu. Habari hizo ziliwatia hofu maofisa wa kikoloni Afrika Mashariki, wakaanza kuutazama kila mteremko uliolimwa kama balaa inayosubiri siku yake. Zikaja amri: mifugo ipunguzwe, moto usiwashwe, matuta yachimbwe.

Uluguru ndiko amri hizo zilikoshindwa hadharani. Milima ile ndiyo chanzo cha mto Ruvu, na maofisa waliona udongo wake ukishuka na maji mekundu kila masika. Mwaka 1950 ulianzishwa mpango wa kuwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ubavuni mwa milima, kwa kazi ya lazima ya kila juma. Wazo lilikuwa zuri kwenye karatasi. Lakini udongo wenye rutuba wa miteremko ile ni tabaka jembamba, na chini yake kuna udongo usio na uhai mwingi. Kuchimba tuta la ngazi ni kukata mlima na kuugeuza: kilicho chini kinakuja juu, na kilichokuwa tifutifu kinazikwa. Watu walipanda kwenye matuta waliyochimba kwa jasho lao wakavuna pungufu ya walichozoea. Julai 1955 umati uliokusanyika Matombo ulikabiliana na polisi, mtu mmoja akauawa kwa risasi, na mpango ukafa mwaka huo huo. TANU, iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja, ilipata wanachama bila kutumia nguvu nyingi.

Husemwa kuwa Waluguru walikataa matuta kwa sababu ya siasa. Siasa ilikuwepo, na machifu waliosimamia amri walichukiwa kwa sababu nyingine pia. Lakini ukizisikiliza hoja zenyewe, nyingi zilikuwa za udongo: mnauweka juu ule usiozaa. Ofisa aliyesimama na kipimo cha mteremko mkononi alisikia ukaidi.

Mfano unaonivutia zaidi ya yote haukuanzishwa kwa amri ya mtu. Karne ya 19, mashambulizi ya Wangoni yaliwasukuma Wamatengo, kusini magharibi mwa Tanzania, kwenye milima mikali ya Mbinga, ambako hakuna aliyetamani kulima. Nafasi ilikuwa ndogo, mteremko mkubwa, mvua nyingi. Kwa hesabu ya kawaida udongo ungepaswa kuwa umekwisha zamani. Badala yake wakaanzisha ngoro. Nyasi za shamba lililopumzishwa hukatwa na kulazwa kwa mistari inayokatana, juu kwenda chini na kulia kwenda kushoto, mpaka mlima mzima unaonekana kama wavu. Kisha udongo huchimbwa katikati ya kila jicho la wavu na kutupwa juu ya nyasi. Yanabaki mashimo mamia kwa mamia, upana wake ukikaribia urefu wa mtu, na kuyazunguka kuna vikingo vya udongo vilivyomeza nyasi ndani.

Mvua ikipiga, maji hayapati njia ya kukimbia. Hutulia shimoni pamoja na udongo uliosogea, yakazama polepole. Nyasi huoza chini ya vikingo, na juu yake hupandwa maharage kwanza, kisha mahindi msimu unaofuata. Kwa desturi wanaume hukata na kulaza nyasi, wanawake huchimba na kufunika, na hiyo sehemu ya pili ndiyo nzito. Kahawa ilipoingia na kuwavuta wanaume kwenye fedha, ngoro zilizidi kuwa mzigo wa wanawake.

Hapa neno tifutifu linarudi kwenye asili yake ya tendo. Ardhi ya Umatengo haikuwa ya aina ya tifutifu. Hufanywa tifutifu kwa nyasi, kwa mgongo na kwa kurudia. Ukiacha miaka michache, mvua inaichukua. Wapo vijana wa Mbinga ambao hawataki tena kazi hiyo, na siwezi kuwalaumu nikiwa nimekaa kwenye kiti naandika. Mbolea ya mfuko ni nyepesi kubeba kuliko nyasi.

Siku hizi wataalamu wanaohimiza kilimo hifadhi wanawaambia wakulima waache kutifua kabisa: uache mabua shambani, utoboe shimo la mbegu tu, minyoo na mizizi ifanye kazi ya jembe. Kwenye mikutano ya vijijini ushauri huu hukutana na kicheko, kwa kuwa shamba lisilotifuliwa, kwa macho ya jirani, ni shamba la mvivu. Hata lugha inawakataa: unawezaje kupata tifutifu bila kutifua? Mtaalamu huinama, husogeza mabua pembeni, huchota udongo uliokuwa chini yake na kuufumba kiganjani. Halafu huufumbua mbele yao, na wazee husogea kuangalia kama una alama za vidole.